Kupanga Huduma za Ulemavu Chuoni: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Arusha na Moshi

Kila mwaka, majina ya waliodahiliwa yakishatoka, napokea simu zenye maswali yaleyale. Mzazi wa Mwanga anauliza binti yake asiyesikia apeleke barua ya daktari kwa nani. Kijana wa Karatu anayetumia kiti mwendo anataka kujua iwapo hosteli itamfaa. Mwingine anaeleza kwa sauti ya chini kwamba ana kifafa, na anaogopa kuwa akikitaja atanyimwa nafasi. Mimi nilisoma Moshi nikiwa na ualbino na uoni hafifu unaoambatana nao, na kwa kuwa taratibu hizi nilijifunza kwa kukosea, nimeziandika hapa kwa mpangilio unaoweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Jambo moja nilitangulize, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Usitarajie kwamba chuo kitakuona ukipita na magongo au fimbo nyeupe, kisha kikakupangia huduma. Huduma humfikia anayeziomba kwa maandishi na mapema, akitaja kazi anayoshindwa kuifanya na kitu kitakachomwezesha kuifanya.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Barua ya udahili, cheti cha kuzaliwa, namba yako ya mtihani wa kidato cha nne na kitambulisho au namba ya NIDA.
- Ripoti ya daktari isiyo ya zamani sana, pamoja na nakala tatu au nne.
- Karatasi moja yenye orodha ya mahitaji yako (inaelezwa katika hatua ya 1).
- Faili gumu la kutunzia karatasi, na picha za karatasi hizo kwenye simu na kwenye baruapepe yako.
- Daftari dogo la kuandika tarehe, ofisi uliyokwenda, uliyezungumza naye na alichokuahidi.

Daftari hilo usilidharau. Baada ya miezi miwili hutakumbuka nani alikuambia urudi Jumanne.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike jina la ulemavu peke yake

Pitia siku nzima ya mwanafunzi: kutoka hosteli kwenda darasani, kusikiliza mhadhara, kusoma ubaoni, kuandika, kwenda chooni, kuchukua chakula, kutumia maktaba, kufanya mtihani. Kwa kila shughuli andika kinachokukwaza na kinachokusaidia. Ukisema "nina uoni hafifu" hujamwambia mtu afanye nini. Ukisema "nasoma herufi za ukubwa wa 18 zilizokolea, siwezi kusoma ubaoni hata nikikaa mstari wa mbele, na mwanga wa dirishani ukinipiga usoni siioni karatasi", umempa msomaji wako mambo matatu ya kutekeleza.

Wanafunzi wawili wanaoandikiwa "ulemavu wa kusikia" wanaweza kuhitaji vitu tofauti kabisa. Anayesoma midomo anahitaji mhadhiri asiyegeukia ubao anapozungumza. Anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania anahitaji mkalimani. Mwenye shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, huenda akasikia vizuri katika chumba kidogo na asiambulie kitu katika ukumbi wenye watu mia tatu na feni zinazovuma.

Hatua ya 2: Pata ripoti ya daktari inayotumika

Ukiwa Moshi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi ipo mjini kabisa, na KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya macho na idara ya masikio, pua na koo. Ukiwa Arusha, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Kama unatumia bima, uliza kwanza kuhusu barua ya rufaa, usije ukapanda hadi KCMC ukarudishwa.

Nenda na karatasi ya hatua ya 1 na umwonyeshe daktari. Ana foleni ndefu nje ya mlango, na bila karatasi hiyo ataandika sentensi moja inayotaja ugonjwa. Mwombe kwa adabu aandike mambo manne: hali yenyewe, iwapo ni ya kudumu au inabadilika, namna inavyoathiri kusoma, kuandika, kusikia au kutembea, na mapendekezo yake kwa chuo. Hakikisha kuna jina lake, sahihi, tarehe na muhuri wa hospitali.

Tahadhari: usitoe nakala halisi kwa ofisi yoyote. Onyesha nakala halisi, uache kivuli.

Hatua ya 3: Itaje hali yako kwenye fomu za udahili na za mkopo

Fomu ya chuo ikiuliza kuhusu ulemavu, jibu ukweli. Wapo wanaoacha wazi kwa hofu ya kukataliwa. Hofu hiyo naielewa, lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya elimu bila kubaguliwa, na mwanafunzi aliyeficha hali yake Julai hupata shida kuieleza Februari, wiki moja kabla ya mtihani.

Kwa upande wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, mwombaji mwenye ulemavu, na hata yule ambaye mzazi wake ana ulemavu, huzingatiwa katika kupangiwa mkopo mradi ulemavu huo umethibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanapakia ripoti nzuri ya daktari bingwa, lakini uthibitisho wa Mganga Mkuu haumo. Karatasi hizo ni mbili tofauti: ripoti ya daktari ni ya kueleza mahitaji yako chuoni, na uthibitisho wa Mganga Mkuu ni wa Bodi. Soma mwongozo wa Bodi wa mwaka huohuo, kwa kuwa fomu na tarehe hubadilika, na usisubiri siku tatu za mwisho za dirisha la maombi ambapo mtandao huzidiwa.

Hatua ya 4: Kakitembelee chuo kabla hakijafunguliwa

Hatua hii ni ya lazima kwa anayetumia kiti mwendo, magongo, mguu bandia au fimbo nyeupe. Ukitaka kufahamu mandhari ya huku, kumbuka kwamba Moshi imejengwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na sehemu kubwa ya Arusha ipo chini ya Meru. Njia inayoonekana tambarare kwenye picha inaweza kuwa mwinuko wa kukutoa jasho, na masika ya Machi hadi Mei hugeuza vijia vya udongo kuwa utelezi.

Beba tepu ya kupimia. Pima upana wa kiti chako kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi la pili, ukiongeza nafasi ya vidole vyako vinavyosukuma, kisha pima milango minne: wa chumba cha hosteli, wa choo, wa bafu na wa maktaba. Mlango wa choo ndio huwa mwembamba kuliko yote. Nilimsindikiza binti mmoja aliyekuwa ameonyeshwa njia nzuri ya mteremko kwenye jengo la madarasa, saruji mpya na vishikio vya bomba pande zote mbili. Tulipofika chooni kiti chake kilikwama mlangoni kwa upana wa vidole vitatu, na ndani kulikuwa na kizingiti cha kuzuia maji kilichosimama kama tofali. Alikuwa amepanga kutokunywa maji asubuhi. Hilo si jambo la kumwachia mtu alivumilie miaka mitatu. Tuliliandika siku hiyohiyo kwenye barua yake, pamoja na vipimo, na kwa kuwa chuo kilikuwa bado kimefungwa, fundi alipata muda wa kuondoa kizingiti na kupanua mlango.

Omba pia chumba cha ghorofa ya chini, na uliza ni madarasa gani idara yako hutumia. Ratiba inaweza kuhamishwa kabla ya muhula kuanza kwa urahisi zaidi kuliko baadaye.

Hatua ya 5: Andika barua kwa Mshauri wa Wanafunzi

Hii ndiyo hatua kuu. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambayo vyuo vingine huiita ya Mlezi wa Wanafunzi, ndiyo mlango wa kawaida, iwe upo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, Mwenge, Makumira au Taasisi ya Uhasibu pale Njiro. Kama chuo chako kina kitengo cha mahitaji maalumu, barua ipitie huko au kipelekewe nakala.

Mimi muhula wa kwanza sikuandika. Nilikwenda ofisini, nikazungumza na afisa mkarimu sana, akaniambia, "Usijali, tutakuwekea karatasi yenye maandishi makubwa." Nilitoka nikiwa nimeridhika. Siku ya mtihani nilipewa karatasi sawa na ya wenzangu, herufi ndogo, wino hafifu wa mashine iliyokaribia kuishiwa. Niliinama mpaka pua ikagusa karatasi, nikasoma swali la kwanza kwa dakika kumi na mbili. Yule afisa alikuwa likizo, na aliyekaimu hakuwa na karatasi yoyote yenye jina langu. Hakuna aliyenidanganya, ahadi ilikuwa imebaki kichwani mwa mtu mmoja, naye hakuwepo.

Barua iwe fupi, ya ukurasa mmoja. Mfano:

> Jina kamili,
> Namba ya usajili, Programu, Mwaka wa masomo,
> Namba ya simu,
> Tarehe.
>
> Mshauri wa Wanafunzi,
> (Jina la chuo na S.L.P.)
>
> YAH: MAOMBI YA HUDUMA KUTOKANA NA ULEMAVU WA MACHO
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye uoni hafifu wa kudumu, kama inavyoelezwa katika ripoti ya daktari niliyoambatisha. Ili niweze kusoma na kufanya mitihani sawa na wenzangu, naomba yafuatayo:
>
> 1. Karatasi za mitihani na majaribio zichapishwe kwa herufi za ukubwa wa 18.
> 2. Niongezewe muda wa mtihani kadiri chuo kitakavyoona inafaa kwa mujibu wa ripoti.
> 3. Nikae mbali na dirisha linaloingiza mwanga wa moja kwa moja.
> 4. Wahadhiri wanipatie mihtasari ya vipindi kabla ya kipindi kuanza.
>
> Naomba kujibiwa kwa maandishi kabla ya wiki ya tatu ya muhula ili nipate muda wa kujiandaa.
>
> Wako mtiifu,
> (Sahihi na jina)
>
> Nakala: Mkuu wa Idara, Ofisi ya Mitihani.

Chapisha nakala mbili. Moja iache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Katibu muhtasi akikuambia kwamba muhuri hauna haja, mweleze kwa upole kwamba unauhitaji kwa kumbukumbu zako, na usiondoke bila huo muhuri.

Hatua ya 6: Zungumza na kila mhadhiri wiki ya kwanza

Barua ya ofisi huchelewa kuwafikia wahadhiri. Mfuate mhadhiri baada ya kipindi, mwonyeshe nakala yenye muhuri, na umwombe jambo moja au mawili yanayohusu somo lake tu. Mwenye somo la hesabu asome kwa sauti anachoandika ubaoni. Mwenye kutumia projekta akutumie faili asubuhi.

Kuhusu mafaili, taja aina unayotaka. Picha ya ukurasa wa kitabu iliyopigwa kwa simu na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa haisomeki kirahisi kwa programu ya kusoma kwa sauti, na faili la PDF lililotokana na skana lina tatizo hilohilo. Omba faili la Word au PDF yenye maandishi halisi. Kiongozi wa darasa naye ajue mapema, kwa kuwa matangazo ya kubadilishwa chumba hupitia kwake, na kiziwi asiyeambiwa hufika kwenye darasa tupu.

Hatua ya 7: Kamilisha mipango ya mitihani mwezi mmoja kabla

Nenda mwenyewe Ofisi ya Mitihani na nakala yako. Uliza mambo haya na uyaandike: nitakaa chumba gani, nitaongezewa dakika ngapi, karatasi yangu itatoka kwa muundo gani, nani atanisomea au kuniandikia ikihitajika, na msimamizi ataarifiwa na nani.

Tahadhari: usidhani kwamba utaratibu wa sekondari utakufuata. Baraza la Mitihani limekuwa likiwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, lakini chuo kina kanuni zake, na muda wako lazima ukubaliwe na chuo chenyewe. Unaweza kutaja utaratibu huo wa Baraza kama mfano unapoomba.

Ukipewa mwandishi, fanyeni mazoezi angalau mara mbili kabla ya mtihani. Kumtamkia mtu jibu la insha ni ujuzi wa peke yake. Usikubali mwandishi awe rafiki yako wa darasa lilelile, hata kama ana mwandiko mzuri, maana shaka ikizuka mtaumia wote wawili.

Hatua ya 8: Tafuta vifaa na watu walio karibu nawe

Programu ya NVDA husoma kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta ya Windows, na haiuzwi, unaipakua bure. Simu nyingi za Android zina TalkBack ndani yake tayari. Jifunze hizi likizo, kabla kazi za darasa hazijakulemea.

Kanda hii ina bahati ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Pale KCMC kuna TATCOT, kituo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo, kwa hiyo mwenye mguu bandia unaombana au kifaa kilichovunjika ana mahali pa kuuliza. Hapohapo KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi hutengeneza mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili yetu wenye ualbino. Tengeru kipo Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na kwa anayetafuta mtu anayejua nukta nundu au lugha ya alama, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia. Wakalimani wa lugha ya alama ni wachache, hivyo wasiliana na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, miezi kadhaa kabla ya masomo, na mkubaliane na chuo nani atamlipa mkalimani kabla hajaanza kazi. Nimeona makubaliano ya mdomo kuhusu malipo yakimwacha mwanafunzi bila mkalimani katikati ya muhula.

Hatua ya 9: Andika upya kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo

Mipango ya chuoni haikufuati kazini. Mwambie mratibu wa mafunzo kabla hajagawa vituo, na omba kituo unachoweza kukifikia bila kubadilisha magari matatu. Daladala za Arusha saa kumi na mbili asubuhi hazimsubiri mtu anayekunja kiti mwendo.

Mambo yakikwama

*Barua haijajibiwa baada ya wiki mbili.* Andika barua ya pili inayorejea tarehe ya ile ya kwanza, ambatisha nakala yenye muhuri, na upeleke nakala kwa makamu au naibu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma. Shirikisha serikali ya wanafunzi. Ikishindikana, mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, SHIVYAWATA, au chama chenu kilichomo ndani yake. Zungumza kwa utulivu wakati wote. Utahitaji ofisi hizohizo kwa miaka mitatu au minne.

*Mhadhiri anasema huo ni upendeleo.* Usibishane darasani. Mweleze faraghani kwamba maswali ni yaleyale na usahihishaji ni uleule. Akiendelea kukataa, ni kazi ya Mkuu wa Idara kuzungumza naye.

*Mkopo umetoka pungufu, au hukupangiwa kabisa.* Bodi hufungua dirisha la rufaa. Kagua kwanza kama uthibitisho wa Mganga Mkuu ulipakiwa na unasomeka. Picha iliyopigwa gizani haimsaidii mtu.

*Hali yako haionekani kwa macho, na hutaki darasa zima lijue.* Mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa akili unaodhibitiwa kwa dawa, ana haki ya kuomba siri. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andika ndani ya barua kwamba wahadhiri waambiwe huduma unayohitaji bila kutajiwa ugonjwa. Mtu mmoja wa hosteli, hata hivyo, ajue la kufanya ukianguka: akulaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu nawe, asikutie kitu mdomoni.

*Ulemavu umekupata katikati ya masomo.* Baada ya ajali ya bodaboda wengi hukaa kimya nyumbani, wakihesabiwa watoro. Mtu wa familia apeleke ripoti ya hospitali chuoni haraka iwezekanavyo na aombe kuahirishiwa masomo au mitihani. Anayeahirisha kwa maandishi kabla ya mtihani anarudi akiwa na nafasi yake. Aliyetoweka anakuja kujitetea.

*Umeingia chumba cha mtihani na karatasi si ile uliyokubaliwa.* Usitoke nje na usianze kulia juu ya karatasi, ingawa najua donge linavyokaba kooni. Nyoosha mkono, mwonyeshe msimamizi nakala ya barua au ya majibu, na umwombe apige simu Ofisi ya Mitihani. Angalia saa, uandike muda uliopotea. Kama hawana suluhisho, fanya unachoweza, lakini mwombe msimamizi aandike tukio hilo kwenye ripoti yake kabla ya kukusanya karatasi, na siku hiyohiyo, kabla ofisi haijafungwa, peleka barua ya malalamiko yenye namba ya mtihani, saa na jina la chumba, igongwe muhuri.